Fomu Aliyonijazia Wifi

Mliniacha wiki jana nimeanguka juu ya meza ya kukatia, mkasi mkononi, sare za shule nzima zikiwa chini ya tumbo langu. Nasikia wengine mmepiga simu gazetini kuuliza kama nilikufa. Maiti haisimulii. Niko hai, nina hasira, na leo nitasema yale ambayo kwa wiki tatu nimekuwa nikiyazunguka.

Kwa aliyenikuta leo, nafupisha. Mimi ni mkata vitambaa katika kiwanda cha sare, na kiwandani wananiita Mama Mkasi. Mwaka juzi baridi yabisi iliniingia vidoleni ikavikunja, wakaanza kuniita Mama Ngumi. Daktari wa viungo akanitundikia dawa kali ya mshipani, mara mbili. Vidole vikafunguka. Nikarudi mezani na waliokuwa wakinicheka wakanyamaza. Miezi mitano baadaye macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai iliyochemka sana, nikadondoka.

Na kuna jambo ambalo, katika masimulizi haya, niliwaambia ninyi kabla sijamwambia mume wangu. Nina homa ya ini, ile ya B. Miaka tisa iliyopita walikuja kiwandani kuchangisha damu, nikachangia, wakanipa fulana. Wiki mbili baadaye muuguzi akaniita pembeni na barua. Damu yako hatuwezi kuitumia, akasema. Virusi vimo mwilini ila vimelala. Njoo kila baada ya miezi sita tuviangalie, usiache. Nilikwenda mara mbili. Barua nikaichana vipande vipande, nikaitupa kwenye pipa la mabaki ya vitambaa.

Mtauliza kwa nini niliichana. Niliichana kwa sababu ya faili.

Familia ya mume wangu ina faili. Msicheke. Ni faili gumu la kijani lenye mfuko wa plastiki nyuma, na mshikaji wake ni wifi yangu mkubwa, dada wa mume wangu, katibu muhtasi wa shule ya sekondari kwa miaka ishirini na mbili. Kila kadi ya hospitali, kila cheti cha dawa, majibu yote ya vipimo ya kila mtu wa familia hiyo, yanaingia humo. Lilianza kwa nia njema. Baba mkwe alipozidiwa, madaktari waliuliza anatumia dawa gani, na watoto wake sita wakatazamana kama walioitwa ubaoni. Mzee akafa siku ile ile. Wifi akaapa kuwa haitatokea tena.

Tangu hapo mtu akiumwa, wifi anamsindikiza. Anaingia naye kwa daktari. Fomu anajaza yeye, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri na sisi wengine, anasema, tunaandika kama kuku wanaochakura. Sisi tunajibu, yeye anaandika. Kilichoandikwa kinaingia kwenye faili, na kilichoingia kwenye faili kinazungumzwa Jumapili mbele ya sahani, kwa sauti ya kawaida kabisa. Ndivyo nilivyojua kuwa shemeji yangu ana bawasiri. Na shemeji yangu naye anajua mambo yangu ambayo mama yangu mzazi hakuyajua.

Sasa niambieni, barua ile ningeiweka wapi?

Basi. Siku ya pili wodini, asubuhi, daktari wa viungo akaja na karatasi mkononi. Ni mwembamba, na anaongea chini chini mpaka uache kupumua ndipo umsikie. Wifi alikuwa kwenye kigoda pembeni ya kitanda changu, faili mapajani.

"Mama, majibu yametoka," akasema. "Ningependa tuongee sisi wawili."

"Mimi ni wifi yake," wifi akadakia. "Hakuna ninachofichwa."

Daktari akanitazama mimi.

"Wifi, nipishe," nikasema.

"Nikupishe niende wapi?"

"Nje."

Miaka ishirini ya ndoa sikuwahi kumwambia vile. Akasimama, akanyoosha sketi, akalikumbatia faili lake, akatoka bila kugeuka. Kitanda cha pili kulikuwa na bibi mmoja mwenye mguu kwenye plasta. Akafumba macho haraka akajifanya amelala. Mguu ndio ulikuwa umevunjika, masikio yake yalikuwa mazima.

"Una virusi vya homa ya ini B," daktari akasema. "Na ni vingi mno."

Nikavuta shuka mpaka kifuani.

"Ile dawa niliyokutundikia inalaza askari wa mwili, ili waache kushambulia viungo vyako. Askari wakilala, virusi vilivyokuwa vimelala vinaamka, vinazaana bila wa kuvizuia. Sasa askari wameanza kurudi, wamevikuta vimejaa kwenye ini, na vita vinapiganwa humo humo."

"Kwa hiyo vidole vyangu ndivyo vimeniua."

"Hujafa. Lakini nisikudanganye. Kipimo kimoja cha ini kinatakiwa kisizidi arobaini. Chako ni elfu moja na mia nane. Na hicho sicho kinachoninyima raha. Kinachoninyima raha ni kwamba damu yako inachelewa kuganda. Tumekuanzishia vidonge tangu jana. Siku tano hizi ndizo zitakazosema. Damu ikianza kuganda vizuri, ini linajirudi. Ikizidi kuchelewa, mama, ini likigoma kabisa, hapa hatuna la kukuwekea."

Niliyasikia yote hayo nikiwa nimetazama kifungo cha koti lake. Kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Kazi mbovu.

"Vidonge gani hivyo?" nikauliza.

"Kimoja kwa siku. Ni hicho hicho ambacho ningekupa kabla ya kukutundikia ile dawa, kama ningejua. Kidonge kimoja tu kwa siku, na haya yote yasingetokea."

Akaiweka ile karatasi juu ya shuka. Nikaiona. Ilikuwa fomu yangu ya kliniki ya viungo, ya mwaka huu, na maandishi mazuri ya mviringo yaliyonyooka kama ya kwenye cheti cha shule. Presha: hakuna. Sukari: hakuna. Je, mgonjwa amewahi kuambiwa ana ugonjwa wowote wa ini? Hakuna.

Niliikumbuka siku ile kama jana. Tulikuwa kwenye benchi, watu kumi na tano nyuma yetu. Wifi anasoma maswali kwa sauti ya matangazo ya mstarini. "Presha?" Sina. "Sukari?" Sina. "Ini?" Nilitazama mikono yangu iliyokunjamana, nikatazama watu, nikatazama faili. Nikasema, "Sina." Lakini nilipoinua macho, kalamu yake ilikuwa imeshamaliza kuandika. Nilidhani ni haraka zake tu.

Hasira ikanipanda. Na kwa kuwa niliyestahili kupigwa nilikuwa mimi mwenyewe, nikamgeukia daktari.

"Wewe umesoma miaka mingapi? Karatasi iliyojazwa kwenye benchi, mbele ya umati, ndiyo unaiamini? Kwa nini hukunipima?"

Nilitaka abishe. Nilitaka aniite mwongo, nipate pa kumshika. Akavua miwani.

"Nilipaswa kukupima," akasema. "Ni lazima kupima kabla ya dawa ile. Wiki ile vipimo vilikuwa vimeisha maabara. Wewe ulikuwa unalia na vidole, unasema utafukuzwa kazi. Nikaiamini fomu. Lilikuwa kosa langu, na nimeliandika kwenye jalada lako."

Mtu akikiri namna hiyo unamfanya nini? Nilibaki na hasira yangu mkononi kama aliyebeba mzigo wa mtu asiyetokea.

"Jambo la mwisho," akasema. "Mume na watoto wapimwe. Wote. Asiye nao atachanjwa, aliye nao ataangaliwa mapema. Usiogope vyombo, haiambukizwi kwa sahani wala kikombe wala kukumbatiana. Ni damu, ni tendo la ndoa, na ni mama kwa mtoto wakati wa kujifungua. Unao watoto wangapi?"

"Wawili. Wasichana. Mmoja ana miaka kumi na tisa. Mwingine yuko darasa la kwanza."

"Waletwe wiki hii," akasema, akaondoka.

Bibi wa plasta akafumbua jicho moja. "Pole, mwanangu."

"Nilidhani umelala."

"Nilikuwa nalala," akasema. "Yule baba anaongea kwa makelele."

Ningecheka siku nyingine.

Wifi akarudi na chupa ya chai. Akakaa, akafungua mkoba, akatoa kikombe kilichofungwa kwenye gazeti. Nikapiga moyo konde. Nikasema sasa basi, potelea mbali, kama ni kusutwa nisutwe.

"Wifi, nina homa ya ini. Ile ya B."

Akamimina chai.

Nilingoja. Huyu ni mtu ambaye ukimwambia una mafua anauliza yameanza saa ngapi na nani alikupigia chafya. Sasa namwambia nina virusi kwenye ini, na yeye anamimina chai taratibu, asimwage hata tone.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Kunywa, ina sukari."

Nikakitazama kikombe. Kilikuwa kile chenye maua mekundu. Sasa lazima niwaeleze. Nyumbani kwa wifi, Jumapili, watu wote wanakunywa kwenye vikombe vya bati. Lakini tangu mwaka jana, mimi na binti yangu mkubwa tulikuwa tunatengewa vya maua, vile vya kabatini, kila mtu na chake. Mimi nilivimba kichwa. Nikawaambia hata wenzangu kiwandani kwamba siku hizi kwa wakwe zangu naheshimiwa. Na kabla ya mwaka jana nilikuwa nakunywa kwenye bati kama wengine.

"Umekitoa nyumbani kwako," nikasema, "umekifunga gazeti, umepanda nacho gari mpaka hapa, na hospitali ina vikombe."

Akaifunga chupa ya chai.

"Wifi. Ulijua."

"Punguza sauti."

"Ulijua tangu lini?"

Akatazama kitanda cha pili. Bibi wa plasta safari hii hakujisumbua hata kufumba macho. Wifi akafungua faili, akapitisha kadi za watu wote, akafika kwenye ule mfuko wa nyuma. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Si kwa sababu yako nilijua," akasema. "Ni kwa sababu ya Nesi."

Nesi ni binti yangu mkubwa. Jina hilo tulimpa akiwa na miaka mitano, kwa kuwafunga wanasesere bandeji za mabaki ya vitambaa vyangu. Mwaka jana alipata nafasi chuo cha uuguzi. Wifi ndiye aliyempeleka kujiandikisha, maana fomu ni zake. Baada ya wiki tatu mtoto akarudi nyumbani na sanduku, akasema uuguzi hautaki tena. Hakutoa sababu. Sasa anauza vifuniko vya simu.

Nilimfanyia nini mwanangu? Nilimwita mvivu. Nilimwita mtoro. Nilikataa kumwita Nesi, nikasema jina hilo lina wenyewe. Jumapili moja mbele ya ukoo mzima nilisema nimezaa msichana asiye na haya, na wifi alikuwepo, akaendelea kugawa sahani.

Nikaikunjua karatasi. Ilikuwa ya chuo, vipimo vya kujiunga. Homa ya ini B: ameonekana nayo. Chini yake mstari mwingine: mwanafunzi anaweza kuendelea na masomo, ahudhurie kliniki ya ini kila baada ya miezi sita.

Nikausoma mstari ule mara tatu.

"Hawakumfukuza," nikasema.

"Wangemfukuza."

"Wameandika anaweza kuendelea. Umesoma shule gani wewe? Wameandika hapa."

"Karatasi inasema hivyo. Watu je? Angevaa gwanda jeupe, siku moja mtu mmoja ajue, ukoo mzima ungeitwa wenye maini mabovu. Nilimtoa kabla ya aibu. Pale chuoni walisema mtoto huwa anaipata kwa mama. Nikajumlisha. Nikamwambia mtoto anyamaze, nikavitenga vikombe, nikanyamaza. Nimewalinda, wifi. Kaka yangu angejua, leo ungekuwa kwenu."

"Kwa hiyo siku ya fomu ulipoandika hakuna, ulijua ipo."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

"Nilikuuliza," akasema. "Ukasema sina. Ni mdomo wako."

"Ulishaandika kabla sijajibu."

"Nilijisemea moyoni, akisema anayo, nitafuta."

"Ungefuta?"

Akafunga faili. Sikumwonea huruma hata kidogo. Niliishika ile chai nikaimimina yote sakafuni, taratibu, kama yeye alivyoimimina. Kikombe nikamrudishia.

"Kapeleke kabatini," nikasema. "Na hiyo karatasi ya mwanangu inabaki hapa."

"Una hasira za ugonjwa."

"Ni hasira zangu mwenyewe. Ondoka."

Akaondoka. Mhudumu akaja na dekio, akauliza nani kamwaga, bibi wa plasta akasema ni yeye. Akanikonyeza. Nami nikajifunika shuka nikalia, na nilikuwa nalia kwa hasira kuliko kwa uchungu. Niliyekuwa na hasira naye zaidi alikuwa wifi. Nawaambia ukweli wa saa ile. Nilikuwa nimeshamhukumu, nimeshamfunga, na mimi nimejiachia huru.

Saa ya kutazama wagonjwa, Nesi akaja. Alikuja na taulo, sabuni na kitana. Aliponiona macho hayo ya manjano akasita kidogo mlangoni, kisha akaja, akanibusu shavuni kama kawaida. Nikamshika mkono nikamwonyesha karatasi.

Akaketi.

"Shangazi amekupa?"

"Nimemnyang'anya. Nisamehe, mwanangu. Yote niliyokuita, nisamehe."

"Hukujua, mama."

"Hata kama."

"Hukujua," akarudia. "Shangazi alisema nikikuambia utakufa kwa uchungu, kwamba wewe ndiye umenipa. Nikasema bora unione mvivu kuliko ujione muuaji. Uvivu unapona." Akacheka kidogo. "Mimi niko sawa. Kliniki naenda mwenyewe. Zile siku nilizokuwa nakuaga naenda kuchukua mzigo wa vifuniko, nilikuwa naenda kupimwa. Vimelala. Wananiambia nisiache kwenda, basi siachi."

Mtoto wa miaka kumi na tisa. Alichoambiwa akafanya, peke yake, akitukanwa na mama yake, na asiache hata mara moja. Nilitaka ardhi inimeze.

Wakati huo akaingia mtu wa maabara na trei. Ni kile kipimo cha damu kuganda, cha kila siku. Akanichoma, akajaza kichupa, akaweka pamba.

"Bonyeza hapo dakika tano," akamwambia Nesi. "Ya kwake inachelewa." Akampa na glavu, akaenda zake.

Nesi akavaa glavu, akabonyeza. Kwa dole gumba, barabara, mkono wangu kauinua kidogo juu ya mto, hivyo hivyo wanavyofanya wauguzi wenyewe. Dakika tano zikapita. Akainua pamba kuchungulia. Damu ikachuruzika. Akabonyeza tena.

"Kwa hiyo umejua leo," akasema, macho kwenye pamba. "Daktari ndiye amekuambia leo."

Hapo, wasomaji wangu. Hapo ndipo ninapotaka mnitazame vizuri.

Neno lilikuwa mdomoni. Leo. Lina herufi tatu tu. Mtoto mwenyewe amenifungulia mlango, ameniwekea na zulia. Ningesema leo, ningebaki mama asiyejua, na hakuna karatasi yoyote duniani ya kunisuta, maana niliichana. Nikaikumbuka ile fomu. Nikamkumbuka daktari na miwani yake mkononi.

"Si leo," nikasema.

"Juzi?"

"Siku ile nilipochangia damu kiwandani. Walinipa barua."

"Ile waliyokupa fulana?"

"Ile."

Dole gumba halikutoka kwenye pamba. Nesi alikuwa akifikiri. Niliona midomo yake ikicheza.

"Nilikuwa darasa la nne," akasema.

"Ndiyo."

"Miaka tisa, mama."

"Ndiyo."

"Chiriku ana miaka saba."

Chiriku ni kitinda mimba wangu, yule wa darasa la kwanza. Tunamwita hivyo kwa kuongea. Wiki tatu nimewasimulia vidole, kiwanda, manjano na barua, na hamkunisikia nikimtaja. Sasa mmejua kwa nini.

Nilikuwa na mimba yake nikijua. Kliniki ya wajawazito muuguzi aliniuliza kama nina ugonjwa wowote wa kudumu, ana kalamu mkononi, tuko wawili tu chumbani. Hakukuwa na wifi. Hakukuwa na benchi wala watu. Lakini kadi ya kliniki ilikuwa lazima iingie kwenye faili. Nikasema sina. Yule muuguzi alikuwa mtu mzuri, angenisikiliza. Mpaka leo nikifumba macho namwona.

"Kuna sindano," Nesi akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka kuliko ya daktari. "Anachomwa mtoto siku anayozaliwa, kabla ya saa ishirini na nne. Nimeisoma. Mimi nilipozaliwa hukujua, sikupata, sikulaumu. Chiriku alichomwa?"

"Nesi..."

"Nakuuliza alichomwa siku ile, au hakuchomwa."

"Sikuwaambia," nikasema. "Hawakujua kama anaihitaji."

Bibi wa plasta akageuza uso ukutani. Huyo ambaye hakuacha neno limpite tangu asubuhi, safari hii hakutaka kusikia.

Nesi hakulia. Ningefurahi angelia. Akabonyeza mkono wangu mpaka ukaniuma, nami sikusema unaniuma.

"Mwaka mzima nimekutetea," akasema. "Shangazi alisema labda mama yako anajua. Nikamwambia mama yangu angejua asingenyamaza, ana watoto. Nilimgombeza, mama. Shangazi mzima, nilimgombeza kwa ajili yako."

Nikabaki nimeitazama ile pamba.

Kwa mkono wa pili akatoa simu mfukoni, akabonyeza namba kwa kidole gumba, akaiweka sikioni. Mume wangu ni fundi friji, saa ile anakuwa ndani ya friji la mtu na simu huwa inaita mpaka inakata. Siku hiyo akapokea mara moja.

"Baba," Nesi akasema. "Umeshamchukua Chiriku shuleni? Yuko na wewe hapo? Basi mlete hospitali. Sasa hivi. Hapana, mama hajazidiwa. Kuna kitu anataka kukuambia."

Akaniwekea simu sikioni. Ile pamba bado ameibonyeza, na damu ilikuwa imeshalowanisha glavu.

"Mama Nesi?" mume wangu akasema. Nyuma yake nilimsikia Chiriku akiongea, akiuliza kama mimi ndiye, akiomba apewe simu anisalimie. "Ngoja, mwanangu, naongea na mama. Haya, nakusikiliza. Kuna nini?"